Mkono Juu ya Sanduku la Chumvi

Mtoto wangu wa kwanza anakula polepole. Wenzake wanamaliza bugali, yeye yuko kwenye tonge la tatu: analowesha kwa mchuzi, anameza, anangoja, anameza tena. Wageni wanasema ana adabu. Hana adabu, ana kovu kwenye koo. Neno lililokuwa juu ya kopo lililomchoma niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri wa masista, na nimetafuta sana mtu mwingine wa kumshtaki sijamwona.

Nitaeleza namna ilivyokuwa. Kulia nililia wakati wake.

Kazi yangu ilikuwa kuchora alama juu ya masanduku. Nilifanya kazi hiyo Butembo, mu depo ya patron mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Beni, mwenye kamiyo tatu, malori ya mizigo, zilizopanda na kushuka kati ya Beni na Kanyabayonga. Mbele ya uhuru, karatasi zote za safari zilishughulikiwa na mzungu mmoja aliyekuwa na meza yake pale. Majuma machache kiisha uhuru mzungu akaondoka. Aliacha ufunguo mu mlango, ndoo ndogo ya rangi nyeusi, vipande viwili vya zinki vilivyokatwa picha katikati, na karatasi moja iliyopigwa misumari ukutani.

Ile karatasi ilimsumbua patron. Alisoma Kurani, alisoma na kuandika Kiswahili, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha kuuzisha vitu tu. Alijua karatasi inasema jambo juu ya mizigo ya hatari, na alishakataliwa mzigo mara moja kule Goma sababu sanduku lake halikuwa na alama. Akaanza kuuliza ni nani mu mtaa anasoma Kifaransa na hana kazi. Walimwonyesha mimi. Nilikuwa nimesoma miaka minne kwa masista kule Lubero, nimeolewa na mwalimu, na nina mtoto wa miezi minne mgongoni. Bwana wangu alibaki Lubero na shule yake. Barabara ikikatika, hatukuonana.

Patron alinisimamisha mbele ya ukuta.

"Mama, hii inasema nini?"

Nikasoma mstari kwa mstari, nikimgeuzia mu Kiswahili. Alisikiliza mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza hotuba. Nilipomaliza akaniambia, "Donc, kesho unaanza."

Karatasi yenyewe haikuwa ngumu. Ilisema kuna vitu vinavyowaka, vitu vinavyokula mwili, na vitu vya sumu. Ukisafirisha vingi, unahitaji gari lake, dereva aliyefundishwa, na karatasi za rangi nne. Lakini ukisafirisha kidogo, chupa moja mbili, kopo tatu, sheria inakuhurumia. Hakuna gari la pekee. Hakuna karatasi za rangi. Inataka tu ufunge vizuri na uweke alama. Chupa au kopo lifungwe mpaka lisivuje. Jina la kitu liandikwe juu ya kopo lenyewe. Kopo likae mu sanduku la mbao, lizungukwe na unga wa mbao pande zote. Sanduku lisizidi uzito wa kunyanyuliwa na mtu mmoja. Nje ya sanduku, pande mbili zinazotazamana, ichorwe picha ya hatari ndani ya mraba uliosimama kwenye kona yake, na mishale miwili ya kuonyesha juu ni wapi. Jina la kitu lirudiwe hapo, pamoja na la mwenye kutumiwa. Alama isifunikwe na kamba. Na mwisho kabisa, mu maandishi madogo: sanduku likisha kutolewa kitu chake, alama ifutwe kabisa mbele ya kuwekwa kitu kingine.

Mstari ule nilisoma. Sitasema sikuuona. Nilisema moyoni: hii ni sheria ya watu wenye masanduku mengi. Kwetu sanduku la mbao linafanya kazi mpaka lioze, tena likisha kuoza linakuwa kuni. Nani atasugua rangi bure?

Nilianza. Kipande kimoja cha zinki kilikuwa na mishale. Kingine kilikuwa na mkono wa mtu, umelala, na matone yanauangukia toka juu, na pale yanapoanguka mkono umetoboka. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya asidi na ya vitu vyote vinavyokula ngozi. Niliweka zinki juu ya ubao, nikapiga rangi kwa kitambaa, nikainua, mkono ukabaki. Ilinipendeza. Mtoto alilala mgongoni, mimi napiga mikono. Asidi ya bateri za kamiyo, soda ya kupikia sabuni, dawa za kuosha ngozi za ng'ombe: kidogo kidogo, sanduku moja leo, mawili juma lijalo.

Wabeba mizigo walinicheka tangu siku ya kwanza. Mmoja wao, mzee mwenye meno mawili, alisimama na sanduku begani akaniuliza kwa sauti ya watu wote wasikie:

"Mama, hii mishale iko naonyesha mbinguni. Tunapeleka sanduku kwa Mungu?"

"Peleka Beni kwanza. Kwa Mungu utafika ukiigeuza chini juu."

Wakamcheka yeye. Kutoka siku hiyo walibeba masanduku yangu wima. Hawakusoma neno hata moja juu yake, lakini waliita jina: sanduku ya mukono. "Pole pole, ile ni ya mukono." Nilijivuna. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mji mzima ulitii rangi yangu.

Halafu vita vikaja. Waliokuja kwanza, waliowafukuza, waliorudi, mimi sikuhesabu. Kila kundi lilikuwa na barieri yake: mti uliolala barabarani, kijana mwenye bunduki, na neno moja, "Fungula." Walifungua kila kitu. Chumvi walichukua, sukari walichukua, vitenge, sabuni, mafuta, hata mbegu za viazi kutoka Lubero walichukua wakazila. Kamiyo ilitoka Butembo imejaa, ikafika Beni na madumu matupu na abiria wenye kukasirika.

Siku moja kulikuwa na sanduku la asidi ya bateri. Dereva mwenyewe alinieleza. Askari aliona picha, akaipiga teke.

"Hii nini?"

"Chef, ile hapana fungula. Ile inakula mutu."

"Inakula mutu? Iko na meno?"

Akapasua ubao kwa kisu cha bunduki, akavunja chupa. Matone yaliruka juu ya suruali yake. Alicheka. Kamiyo haijawashwa bado, suruali ilikuwa na matundu kama kichungio, na yeye anakimbilia mtoni anaita mama yake. Wenzake walisogea nyuma, wakatazama ile picha ya mkono, wakatazama mapaja ya mwenzao. Wakaelewa karatasi ya mzungu vizuri kuliko wakubwa wao wangeweza kuwafundisha.

Habari ile ilitembea kutoka barieri hadi barieri. Sanduku ya mukono usiguse. Juma lililofuata waliteremsha kila kitu mu kamiyo, wakayaacha masanduku yangu mawili peke yake juu, kama maiti.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya pili. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa kwa nyanya yake, awe mbali na harufu ya maziwa ya mama. Binti yangu alikuwa na miaka miwili kasoro. Nilimpeleka Beni kwa mama yangu, nikarudi Butembo nalia barabara nzima, kama kila mama. Mama yangu ana njia yake ya kumsahaulisha mtoto ziwa, aliyoitumia kwetu wote. Mtoto akilia anataka kunyonya, anamwekea chembe chache za chumvi mu kiganja. Mtoto analamba, anashangaa, ananyamaza. Anaomba tena, anapewa. Ndani ya mwezi amesahau mama yake kwa sababu ya chumvi.

Lakini Beni hakukuwa na chumvi. Ile ya kijivu kutoka ng'ambo ya mpaka haikupita tena. Mama alinitumia ujumbe kwa mdomo wa dereva: "Mutoto anakuita. Sina kitu ya kumutia mu mukono."

Patron alikuwa na magunia mawili ya chumvi nyeupe mu depo, aliyoyaficha nyuma ya magurudumu. Alinipa ya kutosha kujaza kopo tatu za maziwa ya unga. Nikakaa na zile kopo mbele yangu. Nikafikiri barieri ngapi. Nikatazama sanduku moja la soda lililorudi tupu, mkono wake mweusi bado mzuri.

Sikufikiri sana. Nilifanya kazi kama ninavyoijua. Nilifunga kopo kwa nta. Nikazizungushia unga wa mbao. Na sababu nilikuwa na akili, nilikumbuka kwamba askari mwingine anaweza kuwa amesoma, anaweza kuinua kifuniko atazame. Basi juu ya kila kopo la chumvi niliandika jina la soda kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa: SOUDE. Nilishika sheria yote ya kiasi kidogo, kila mstari, isipokuwa ule wa mwisho.

Dereva nilimwambia: "Mwambie Mama, sanduku lenye mukono ni lake. Asiogope. Ndani ni chumvi."

Chumvi ilifika. Mama alituma neno: "Mungu akubariki, na yule aliyechora ule mukono abarikiwe pia." Hakujua ni mimi.

Nilituma tena. Na tena. Patron aliponiona nafanya hivyo mara ya pili, nilidhani atanifukuza. Alizunguka sanduku, akalitazama pande zote mbili zinazotazamana, akashika ndevu.

"Mama, wewe uko na kichwa. Weka mukono juu ya sukari yangu."

Nikaweka. Kiisha nikaweka juu ya vitenge vya wake zake. Jirani yangu wa mtaa wa Mususa, fundi wa cherehani, akaleta sanduku lake la uzi. Mama mmoja wa kanisa letu la Kiprotestanti akaleta vikombe vya meza ya Bwana, aibu kidogo usoni, nikapiga mkono pande mbili. Hakuna aliyeona ni uongo. Tuliona ni kuwashinda. Kila kamiyo ilipofika Beni na mizigo mizima, watu walipiga vigelegele. Mimi nikapiga rangi mpaka kitambaa kikachakaa. Mwezi ule mikono yote iliyosafiri barabara ya Beni ilibeba kitu cha kula au cha kuvaa. Yote, isipokuwa mmoja.

Mwuguzi wa dispensari ya wamisioni pale Beni alikuwa anapika sabuni mwenyewe, ya kuosha wagonjwa, kwa mafuta ya mawese. Aliagiza soda ya kupikia sabuni. Soda ile ni vipande vyeupe vidogo, vinang'aa. Ukiitazama mbio mbio ni chumvi ya mawe. Ilipanda kutoka kusini, ikafika kwetu, mimi nikaifunga. Kopo tatu za maziwa. Nta. Unga wa mbao. SOUDE. Mkono, mkono, mishale. Mu kamiyo ile ile nilitia sanduku la Mama. Kopo tatu za maziwa, nta, unga wa mbao, SOUDE. Majina ya wenye kutumiwa niliandika juu ya yote mawili, wazi kabisa. Mama yangu hajui kusoma.

Ilikuwa siku ya tatu ya juma. Kwenye depo ya Beni mwenye kutunza mizigo alikuwa na watu wengi mlangoni. Mama alisimama kwenye mstari, mtoto anamvuta kitenge.

"Mama, ya kwako ni gani?"

"Ile ya mukono."

Sanduku la karibu na mlango lilikuwa na mkono. Alimpa. Hakutazama jina. Kwa nini atazame? Mama alikuwa anachukua sanduku la mkono kila juma la pili, alama ilikuwa imekuwa jina lake.

Nyumbani alitoboa nta, akamimina kopo moja mu kibuyu cha chumvi. Mtoto alianza kulia kama kawaida. Mama akatia vidole vikavu mu kibuyu, akamwekea chembe mu kiganja. Kiganja cha mtoto kilikuwa kimelowa, sababu alikuwa anakinyonya. Akalamba.

Mengine yaliyofuata pale mu nyumba ameyaona mama yangu, na sitayachukua kutoka kwake.

Dereva alinikuta kesho yake asubuhi nikichora. Hakushuka vizuri, alibaki na mguu mmoja kwenye kamiyo.

"Mama, panda. Mutoto hapana kufa. Lakini panda."

Nilipanda na tumbo langu la miezi saba. Kwenye barieri ya kwanza askari walizunguka kamiyo. Kulikuwa na masanduku sita ya mkono, ya patron na ya majirani. Askari mmoja aliyaonyesha kwa kidole akawaambia wenzake, "Ile hapana." Wakatuachia njia. Nilitamani kumpiga kofi. Sijui kama nilitaka kumpiga yeye, ila mkono wangu uliinuka wenyewe.

Mtoto alikuwa dispensari. Midomo ilikuwa imevimba, ulimi mweupe, na kiganja cha kuume kimefungwa kitambaa. Aliponiona hakuita. Alifungua mdomo, akaufunga. Mama yangu alikaa kando ya kitanda, kwenye sakafu, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeanza kubanduka. Hakuwa ameonyesha mtu.

Mwuguzi, mtu mnene mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili, alinichukua pembeni.

"Dada, nilimwosha kwa maji mengi, nikampa maziwa. Alilamba kidogo tu, Mungu asifiwe. Koo nalo tutaona. Mais niambie kitu kimoja. Bibi anasema ni chumvi. Hiyo si chumvi, hiyo ni soda. Naijua harufu ya mafuta yakikutana nayo."

"Soda yako," nikamwambia.

"Yangu niko nayo. Nilipika tangu jana asubuhi. Nimekoroga mpaka mukono inauma. Mafuta imekataa kuwa sabuni. Nilikuwa nimekaa kukuandikia barua ya kukushtaki."

Alinipeleka nyuma. Sufuria kubwa ya mawese, nyekundu, imepoa. Nilitia kidole nikaonja. Ilikuwa na chumvi nzuri sana. Kando yake kulikuwa na kopo mbili bado zimefungwa, na juu yake herufi zangu. Alizitazama, akanitazama.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na ndani ni chumvi."

"Ndani ni chumvi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifunika sufuria, akasema, "Basi dada, mimi mwenyewe ningeweza kumimina hii mu kidonda cha mutu na kumwambia ni dawa." Kiisha akarudi kwa wagonjwa.

Jioni Mama akaniuliza, akitazama vidole vyake:

"Mwanangu, ule mukono, ulisema nisiuogope."

"Nilisema."

"Donc nilifanya vizuri."

"Ulifanya vizuri, Mama."

"Basi aliyefanya vibaya ni nani?"

Nikamwambia ni nani aliyekuwa akichora ile mikono. Halafu akasema, "Nilikubariki kila sanduku lilipofika," akageukia ukuta.

Nilikaa Beni siku kumi na mbili. Mtoto alianza kumeza maji ya uji, kijiko, anangoja, kijiko. Mwuguzi alisema koo litabaki na kovu ila litafunguka. Siku ya kumi na tatu nilirudi Butembo, na nilirudi na hasira ambayo haikuwa na fasi ya kukaa. Niliwakasirikia askari. Niliukasirikia uhuru uliotuletea barieri mia. Nilimkasirikia mzungu aliyeacha sheria ukutani kama mtu anayeacha mbwa. Nikakasirikia mstari wa mwisho, sababu ulikuwa sahihi.

Niliingia depo nikachukua kipande cha chupa na kuanza kukwangua. Sanduku la sukari. Sanduku la vitenge. Wabeba mizigo walisimama kutazama. Mzee wa meno mawili hakutania. Patron alitoka mu biro, ofisi yake ndogo.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninafuta."

"Ile ni sukari yangu. Ikitoka hapa bila mukono, itafika mu tumbo ya askari."

"Ifike."

"Wewe mwenyewe umetufundisha hii akili. Leo unatunyang'anya?"

"Leo kule njiani kuna sanduku moja la soda ya kweli na makumi ya chumvi, na hakuna mtu hata mmoja anayejua ni gani. Wewe unajua? Mwuguzi hakujua. Yeye alipika sabuni ya chumvi, mimi nikalisha mtoto soda. Nataka mukono ukichorwa, uwe mukono."

"Batu watakosa chumvi sababu yako."

"Watakosa. Hawatachomwa."

Patron alikuwa mtu mzuri, siwezi kusema vingine. Lakini alikuwa na mizigo ya watu. Aliniambia maneno ambayo nayasikia hadi sasa, kwa upole: "Mutoto moja, mama. Na njaa ya Beni yote." Nikamwambia aende Beni akamtazame huyo moja. Nikaendelea kukwangua.

Nilimaliza masanduku ya depo siku ile. Kamiyo iliyofuata iliondoka na mbao tupu, na kwenye barieri ya kwanza walichukua sukari yote, vitenge vyote, na uzi wa fundi cherehani. Fundi alikuja kusimama mbele ya nyumba yangu Mususa akapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Huyu mama anachukia batu! Alitufungulia mulango, sasa amefunga!" Mama wa vikombe vya meza ya Bwana hakunisalimia kanisani miezi mingi. Wengine walijitengenezea zinki zao wenyewe, mikono mibaya yenye vidole sita. Niliikwangua nilipoikuta. Nilitukanwa kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Patron hakunifukuza, wala hakunitetea.

Halafu akaenda Beni, kwa shughuli zake. Sikumtuma. Mama yangu ndiye aliyenieleza. Alifika na kibuyu cha asali, akakaa kwenye kiti, akamwita mtoto. Mtoto akaja. Patron akamwomba amwonyeshe mkono. Mtoto akafungua kiganja. Palikuwa na doa la kovu katikati, linang'aa, na vidoa viwili pembeni. Patron alitazama muda mrefu, kiisha akasema "Astaghfirullah," akafunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. Alipotoka hapo alipita nyumbani kwake, kwa wake zake, akaomba kipande cha chupa. Masanduku ya sukari ya nyumbani mwake aliyakwangua mwenyewe, amekaa chini, mbele ya watu.

Kutoka hapo madereva wake walikataa kubeba mkono wa uongo. Si watu wote walifuata. Lakini mu kamiyo zake tatu, mkono ulirudi kuwa mkono, na chumvi ilisafiri kama chumvi: nusu ilichukuliwa, nusu ilifika.

Nilijifungua mtoto wa pili, mvulana. Alipokuwa na miezi mitatu nilikwenda Beni kumchukua dada yake. Mama alikuwa amepika maharagi. Akamwambia mtoto, "Kaniletee chumvi." Chumvi ilikaa pembeni, mu sanduku la zamani, lile la kwanza kabisa nililotuma. Sikulijua bado liko. Mkono ulikuwa juu yake, mweusi, vidole vizuri.

Mtoto alikwenda hatua mbili, akasimama. Alitazama sanduku. Akakunja kiganja chake, akakificha kwapani, akarudi nyuma mpaka akagonga miguu yangu.

"Ni chumvi tu," Mama akasema. "Ni chumvi ya kweli, mama, onja." Akalamba yeye mwenyewe, mbele yake, mara mbili.

Mtoto akatikisa kichwa. "Hapana. Mukono."

Mama alinitazama. Mtaani kote hakuna mtu aliyekuwa anaiamini tena ile alama, ila huyu wa miaka miwili na nusu. Na mimi na nyanya yake tulikuwa tunasimama pale kumfundisha kwamba ni uongo.

Nilimpa Mama mtoto mchanga amshike. Nikamimina chumvi mu kikapu kidogo cha majani, kisicho na kifuniko, nikakiweka juu ya meza, kila mtu aione. Sanduku nikalipeleka nje nikalipasua kwa shoka. Mbao zilikuwa kavu, ziliwaka mara moja, rangi ikatoa moshi mweusi, ikaisha. Tuliongezea moto wa maharagi kwa zile mbao. Mtoto alisimama mlangoni, anatazama mpaka ubao wa mwisho.

Kisha akaja, akakaa, akaanza kula. Polepole.